Si Jicho la Watu, ni Jicho la Mguu

Mwezi uliopita tulizungumza habari za mawifi, mkanipigia simu mpaka betri ikaisha. Mwezi huu nataka tushuke chini kidogo. Chini kabisa, miguuni.

Usicheke. Sisi wa pwani mguu tunauenzi. Bibi harusi hapambwi akakamilika mpaka miguu ipakwe hina na piko. Bibi zetu waliivisha furungu za fedha, sisi wa leo tunavaa kikuku, na maneno ya watu kuhusu kikuku tunayajua. Lakini hapo hapo penye kikuku, kwenye jicho la mguu, wengi wetu tuna siri. Mguu unateguka. Unapona, halafu baada ya miezi miwili unateguka tena, mahali pasipo na shimo wala jiwe. Ukiulizwa unajibu, "Aa, mguu wangu huu ndivyo ulivyo." Wapo wanaosema ni jicho la watu, umeonewa choyo na mwendo wako. Shoga yangu, hakuna aliyekutupia jicho. Tatizo liko kwenye jicho lako mwenyewe, hilo la mguu.

Naijua siri hii kwa sababu ni yangu.

ILIVYOANZA

Mwanzoni mwa mwaka 2010 nilikuwa na miaka 19. Wenzangu wa Unguja mnaukumbuka wakati ule. Umeme ulikatika kisiwa kizima Desemba 2009, ukarudi Machi 2010. Miezi mitatu ya vibatari, mishumaa na jenereta za waliojaaliwa. Nilikuwa kwa bibi yangu, Kiponda, ghorofa ya pili, nyumba ya zamani yenye zile ngazi zetu: nyembamba, zimesimama wima, kila kidato na kimo chake. Nikasikia naitwa chini, nikashuka mbio gizani. Nilidhani vidato vimekwisha, kumbe kimebaki kimoja. Unyayo ukapinda kwa ndani, nikasikia mlio kama wa kijiti kinachokatika.

Bibi, Mungu amrehemu, alinikanda kwa maji ya moto ya chumvi, akanichua kwa mafuta ya nazi, akanifunga kipande cha kanga. Baada ya wiki mbili natembea. Wote tukasema yamekwisha. Kumbe ndiyo kwanza yanaanza.

Mara ya pili niliteguka nikiwa chuoni, nashuka kwenye daladala. Mara ya tatu harusini, na viatu virefu, mbele ya wakwe watarajiwa. Mara ya nne Forodhani, nimeshika sahani ya urojo. Baada ya hapo niliacha kuhesabu. Nikaacha na mambo mengine pia, kidogo kidogo, bila kumwambia mtu. Viatu virefu niliviacha. Njia ya mkato ya Mkunazini niliiacha, nikawa nazunguka barabara kubwa. Kwa wakwe Jambiani nikawa nakaa barazani wenzangu wakienda ufukweni. Mume wangu akiniambia jioni, "Twende tukapunge upepo," jibu langu lilikuwa moja: nimechoka.

Mwaka jana nikajifungua. Tunakaa Mji Mkongwe, ghorofa ya pili pia, na ngazi ni zile zile. Siku ya kwanza nilipotaka kushuka na mtoto mkononi, nilisimama kidato cha juu, nikaangalia chini, mguu ukakataa. Sikuwa na maumivu yoyote. Ilikuwa hofu tu. Nikakaa kitako, mtoto mapajani, nikashuka kwa makalio kidato kimoja kimoja kama mtoto anayejifunza ngazi. Nikafanya hivyo miezi mitatu, kila mume wangu akiwa kazini.

Siku moja akarudi mapema. Nilipoinua macho, yuko mlangoni ananitazama.

"Tangu lini unashuka hivi?"

Sikujibu. Akapanda, akamchukua mtoto, akakaa kidato cha chini yangu.

"Mimi nilidhani unaona haya kutembea na mimi," akasema. "Kila nikikwambia twende, umechoka. Mwaka mzima najiuliza nimekukosea nini."

Hapo ndipo nilipolia. Kifundo kimoja cha mguu kilitaka kunivunjia nyumba, na mimi nilikuwa nimekaa kimya tu.

NDANI YA KIFUNDO KUNA NINI?

Tulikwenda kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Nilidhani ataanza kunibonyeza kifundo. Wapi! Aliniambia nisimame kwa mguu mmoja, halafu nifumbe macho. Mguu wa kulia, ule mbovu, haukumaliza sekunde tatu, nikashika meza. Nikabadilisha kwa madaha, nikasimamia wa kushoto. Nao ukaanza kutetemeka.

"Huu si ndio mzima?" nikamuuliza.

"Ndiyo, dada. Lakini yote miwili inaendeshwa na kichwa kimoja."

Basi nikaelezwa, na nyumbani nikasoma zaidi. Nawapa kwa lugha yetu.

Kifundo kimefungwa na kano, kama kamba zinazoshika mfupa na mfupa mwenzake. Upande wa nje kuna kano tatu. Mguu ukipinda kwa ndani huku vidole vimeelekea chini, ile ya mbele ndiyo huumia kwanza. Ndiyo maana viatu virefu havina huruma: mfupa wa juu wa unyayo, ule unaoingia baina ya macho mawili ya mguu, ni mpana mbele na mwembamba nyuma. Ukisimama bapa, sehemu pana hujaa na kushika sawasawa. Ukinyanyua kisigino, sehemu nyembamba ndiyo inayobaki humo, kifundo kinalegea, na kazi yote wanaachiwa kano.

Lakini kano si kamba tu. Ndani yake mna ncha za mishipa ya fahamu zinazoupa ubongo habari kila sekunde: unyayo umeinama hivi, uzito uko huku. Mwaka 1965 daktari wa Uingereza aitwaye Freeman na wenzake waliandika kwamba mguu unaoteguka kila mara huenda umepoteza habari hizo, na kwamba wagonjwa waliofanya mazoezi ya kujisawazisha walipungukiwa na tatizo la mguu kuwakatalia. Kwa hiyo kano inaweza kupona, uvimbe ukaisha, na bado mguu ukawa kama mtu aliyepoteza simu: yupo, ila hapatikani.

Na hili si la watu wachache. Tafiti zinaonyesha kwamba hadi watu 4 katika kila 10 wanaoteguka kwa mara ya kwanza huishia na kifundo sugu kisichotulia.

MWENDO MZIMA HUBADILIKA

Hapa ndipo niliposhangaa. Mimi nilidhani ugonjwa uko kifundoni. Kumbe kifundo kikilegea, mguu wote unabadilisha mwendo, kutoka unyayo mpaka nyonga.

Kwanza, unyayo hufika chini ukiwa umeinama kidogo kwa ndani, na uzito huenda ukingo wa nje. Tazama ndara zako za zamani. Kama moja imelika sana upande wa nje kuliko mwenzake, inakupa habari. Mguu unaotua hivyo uko nusu ya safari ya kuteguka kila unapopiga hatua.

Pili, misuli ya upande wa nje wa muundi, ambayo kazi yake ni kuurudisha unyayo ukipinda, huchelewa kuitika au hukosa nguvu. Kuchelewa kwenyewe ni kufumba na kufumbua, lakini kuteguka nako ni kufumba na kufumbua.

Tatu, kifundo hukaza kwa mbele. Ukichuchumaa kisigino kinanyanyuka, ukishuka ngazi goti haliwezi kwenda mbele vizuri. Hata kikao cha tahiyatu kwenye sala kinakuwa shida. Kifundo kikishindwa kupinda, goti na nyonga hubeba kazi isiyokuwa yao. Mimi nilikuwa nanunua dawa ya kuchua kiuno!

Nne, ile misuli ya pembeni ya nyonga, inayozuia kiuno kisiinamie upande unapobakia mguu mmoja hewani, mara nyingi huwa dhaifu kwa watu wenye tatizo hili. Nyonga ikilegea, mwili unayumba, unyayo unatafuta pa kukanyaga, kifundo kinapinda. Linakuwa duara: kifundo kinaidhoofisha nyonga, na nyonga nayo inakiangusha kifundo.

Tano, macho. Ubongo ukikosa habari za mguuni, huomba msaada machoni. Ndiyo maana mchana unajiona mzima, lakini umeme ukikatika unakuwa mlevi bila pombe.

Sasa, msomaji wangu, weka mambo hayo yote ndani ya Mji Mkongwe. Mitaa yenyewe haina hatua mbili zilizo sawa. Mwanga ni wa taa moja pembeni, vizingiti viko juu, vespa inatoka konani na wewe unaruka ukutani. Mvua ikinyesha tunapanda barazani tunatembea juu yake kama njia. UNESCO waliuweka mji huu kwenye urithi wa dunia mwaka 2000, na sisi tunajivunia, ila urithi huu unataka vifundo vilivyo macho.

Shamba nako si salama. Kina mama wa Paje na Jambiani wanalima mwani tangu mwaka 1989. Maji yakitoka wanatembea masafa juu ya mchanga laini, mawe na madimbwi, na wakirudi wana mzigo wa mwani uliolowa. Kwa mama wa namna hiyo mguu usioaminika ni riziki inayopungua. Na vijana wetu wanaocheza mpira wa mchangani, akiteguka Jumamosi anafungwa kitambaa, Jumatatu yuko uwanjani tena. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Goti na nyonga huzeeka na kusagika zenyewe kwa umri, lakini kifundo kikisagika, mara nyingi chanzo chake ni majeraha ya nyuma.

HADITHI YA MUME WANGU

Mume wangu ni mshabiki wa mpira wa kikapu, na aliposikia neno nyonga akaruka. "Kama Curry!" Nikamwambia anifahamishe.

Stephen Curry wa Golden State, kule Marekani, alikuwa na kifundo cha kulia kama changu. Alifanyiwa upasuaji mwaka 2011, na tena mwaka 2012. Msimu wa 2011–12 alicheza mechi 26 tu kati ya 66, na watu wakaanza kusema huyu kijana hatafika mbali. Walimu wake wa mazoezi hawakukishughulikia kifundo peke yake. Walimfundisha kutumia nyonga, kuzijenga ziwe na nguvu, ili anapokata kona ghafla mzigo ubebwe na nyonga na kifundo kipumzike. Mwaka 2015 timu yake ikachukua ubingwa, na yeye akawa mchezaji bora wa ligi mwaka huo na mwaka 2016.

Utasema yule ana walimu na mamilioni. Sawa, basi sikiliza hii ya Waholanzi. Mwaka 2009 walichapisha utafiti wa wanamichezo 522 walioteguka vifundo. Nusu walipata matibabu ya kawaida tu. Nusu ya pili waliongezewa mazoezi ya kujisawazisha kwa wiki 8, nyumbani kwao, bila mwalimu wa kuwasimamia. Katika mwaka uliofuata, wale wa kawaida walioteguka tena walikuwa 33 katika kila 100. Waliofanya mazoezi walikuwa 22. Hawakupona wote, lakini tofauti ni kubwa kwa dawa isiyokuwa na gharama hata shilingi.

TUFANYEJE SASA?

Ukiteguka leo: usikimbilie maji ya moto wala kuchuliwa kwa nguvu siku mbili tatu za mwanzo. Najua bibi zetu walifanya kwa mapenzi, lakini joto na kuchua huongeza damu na uvimbe. Nyanyua mguu juu ya mto, ufunge kwa bendeji isiyobana sana, weka barafu iliyofungwa kitambaa kama inakupunguzia maumivu. Siku chache baadaye anza kuukanyaga taratibu. Kulala kitandani wiki tatu hakusaidii.

Nenda hospitali upigwe picha: kama huwezi kupiga hatua nne, ama ukibonyeza mfupa wa jicho la mguu, nyuma yake au nchani kwake, wa nje au wa ndani, unapata maumivu makali. Hali kadhalika maumivu ya kubonyeza mfupa wa ukingo wa nje wa unyayo, katikati yake, au mfupa ulio mbele kidogo ya jicho la ndani. Madaktari wa mji wa Ottawa, Kanada, walitoa kanuni hizi mwaka 1992, na mpaka leo zinatumika duniani kutenganisha walioteguka na waliovunjika.

Kama mguu wako unateguka mara kwa mara: tafuta mtaalamu wa mazoezi ya viungo akuangalie kuanzia kidole mpaka kiuno. Mimi nilipewa haya:

Moja, kusimama mguu mmoja sekunde 30, mara tatu kila mguu. Mimi nafanya nikipiga mswaki, ukuta uko karibu.

Mbili, ukizoea, fumba macho. Ukizoea tena, simama juu ya mto wa kitandani.

Tatu, kunyanyua visigino taratibu, kwanza miguu yote, halafu mmoja mmoja.

Nne, kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli. Funga kwenye mguu wa meza, pitisha unyayoni, vuta kwa upande wa nje polepole.

Tano, lala ubavu, nyanyua mguu wa juu ukiwa umenyooka. Hilo ni la nyonga. Siku ya pili yake utanitukana, lakini endelea.

Sita, simama mbele ya ukuta, goti liguse ukuta bila kunyanyua kisigino. Sogeza mguu nyuma kidogo kidogo uone unafika wapi, kisha ulinganishe miguu miwili. Tofauti ndiyo kazi yako.

Mara tatu kwa wiki, wiki nane, miguu yote miwili. Ukienda michezoni, vaa ile kinga ya kifundo ya kufunga, inasaidia. Na viatu virefu? Sikuzuii, mimi nani? Lakini kama unakwenda harusini Mji Mkongwe, vitie mkobani, nenda na ndara, uvivae ukishafika ukumbini. Hakuna atakayejua ila mimi na wewe.

Na wewe baba unayesoma gazeti hili la mkeo kwa kujificha, nina neno lako. Mwenzio akiacha kitu alichokuwa akikipenda, kutembea, kucheza, hata kupanda ngazi, usikimbilie kudhani mapenzi yamepungua. Muulize tangu lini. Na sisi kina mama, jamani, tuseme. Hofu haina alama mwilini, mtu hawezi kuiona akakuonea huruma. Mimi nilikaa na yangu zaidi ya miaka kumi, nikaiita uchovu.

Wiki ya kwanza ya mazoezi mume wangu alikuwa ananihesabia kwa sauti mpaka jirani wa chini akauliza kuna nini. Wiki ya sita nilifumba macho nikamaliza sekunde 20 kwa mguu mbovu. Sijawa Curry. Mwezi uliopita mguu ulicheza kidogo karibu na Jaws Corner, lakini ulijirudisha wenyewe kabla sijaita mama yangu. Ngazi za nyumbani bado nashika ukuta, na nitaendelea kushika.

Ila Ijumaa iliyopita, baada ya alasiri, nilimbeba mwanangu nikashuka kidato kwa kidato, wima, mpaka chini. Baba yake alikuwa mbele yangu, anashuka kinyumenyume, mikono ameitanguliza utadhani anapokea mzigo bandarini. Tukaenda Forodhani kwa miguu, kupitia Mkunazini. Nimekula urojo wangu nimesimama, na mara hii haukumwagika.

Tukutane mwezi ujao, inshallah. Nitawauliza jambo moja la fedha baina ya mke na mume, kwa hiyo anzeni kuficha risiti mapema.